Uzio wa Bibi Brigitha

Maji ya mafuriko yalipoondoka Lipangalala, yaliondoka na uzio wa matete wa nyumba ya Bibi Brigitha. Hayakuubomoa kwa kishindo. Yalituama tu pale uani, yakayaozesha matete kuanzia chini, na jua lilipotoka uzio mzima ukalala upande wa barabarani. Majirani waliopatwa na mkasa uleule walishikana mikono, baba huku na mama kule, wakasimamisha nyua zao upya. Odilia, binti wa Bibi Brigitha, hakuwa na wa kumshikia upande wa pili. Akayakusanya yale matete, akayaanika, akayafanya kuni, na nyumba yao ikabaki wazi kama meza ya sokoni.

Kwa nyumba nyingine lisingekuwa jambo kubwa. Lakini Bibi Brigitha alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Alianza kwa kusahau majina ya wajukuu, kisha njia ya kanisani, kisha akasahau kwa nini watu huvaa nguo. Joto la Ifakara likipanda, aliona gauni na khanga ni mzigo aliotwishwa na mtu asiyemjua. Alivua, akazikunja vizuri pindo kwa pindo, akaziweka juu ya kinu, akaenda kukaa karibu na bomba kama alivyozaliwa.

Siku moja Odilia alikuwa jikoni akipepeta mchele aliposikia kicheko. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kijiwe cha bodaboda, kibanda cha bati na benchi. Vijana watatu walikuwa wamegeuka kuelekea kwao. Mmoja, mwenye helmeti nyekundu, alikuwa ameinua simu.

Odilia alitoka mbio na ungo mkononi, mchele ukamwagika. Alimfunika mama yake khanga kwanza, ndipo akageuka.

"Wewe! Unapiga picha nini?"

"Sipigi, mama. Naangalia mambo yangu tu kwenye simu."

"Huyu ni bibi yako!"

"Bibi yangu yuko Malinyi," alisema mwingine, "na anavaa."

Wakacheka tena, kicheko cha vijana wasio na kazi saa ile, kisha abiria akaja na mwenye helmeti akawasha pikipiki akaondoka. Odilia hakujua kama picha ilipigwa au haikupigwa. Hilo ndilo lililomtafuna. Wiki nzima, akienda kununua chumvi au dagaa, alikuwa akitazama nyuso za watu, akijiuliza nani ameona.

Odilia alikuwa amevuka miaka hamsini. Hakuwahi kuolewa. Wachumba walikuja zamani, lakini baba yake alipofariki yeye ndiye aliyebaki na mama, na kubaki kule kukawa ndiyo maisha yake. Alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ya mpunga, kuchambua na kupepeta mchele pamoja na wanawake wengine, na kelele za pale, masimulizi na utani wa kutwa, ndizo zilizokuwa jamaa zake. Mama alipoanza kupotea njia, aliacha kwenda. Wenzake walimtembelea mara mbili tatu, wakamletea sukari, kisha msimu wa mavuno ukaja na kila mtu akawa na shughuli zake. Wanajumuiya nao walikuwa wakija kusali rozari, mpaka jioni moja Bibi Brigitha alipovua gauni katikati ya fungu la tatu. Walimaliza sala, wakaaga kwa adabu. Ila tangu siku hiyo rozari ikahamia kwa watu wengine.

Na mle ndani hakuitwa tena kwa jina lake. Bibi Brigitha alikuwa amerudi Mahenge, utotoni kwake, akisema Kipogoro kitupu, na Odilia alikuwa Eveline, dada wa Bibi Brigitha aliyefariki kabla Odilia hajazaliwa. "Eveline, twende mtoni." "Eveline, mama anatuita." Mwanzoni Odilia alikuwa akimsahihisha. Baadaye alichoka, akawa anaitika.

Alimpigia simu mdogo wake Valentino, fundi wa magari aliyekuwa Morogoro mjini na watoto wake wanne.

"Dada, tofali sasa hivi sina uwezo. Bati labda mwakani," alisema Valentino. "Kwani huwezi kumfungia ndani ukiwa na kazi?"

"Nimfungie kama kuku?"

"Sijasema hivyo."

Lakini Odilia alijaribu, kwa sababu alikuwa amechoka na kwa sababu hakuwa na wazo lingine. Alifunga mlango kwa komeo la nje, akaenda sokoni haraka. Aliporudi alisikia tangu barabarani viganja vikipiga mbao, pa, pa, pa, bila kelele ya mdomo. Mama alikuwa amepiga mlango muda wote ule. Viganja vilikuwa vimevimba, na alimtazama Odilia usoni kama mtu anayemtazama askari. Komeo lile Odilia aliling'oa siku ileile.

Basi akaanza kutembea mji mzima akitazama nyua za watu. Hakuwahi kuzitazama kabla ya hapo. Aliona za tofali na za bati, zile ambazo hakuzimudu. Aliona za miti iliyopandwa, ambayo ingechukua miaka. Na katika nyumba ya wageni ya parokia, njia ya kwenda hospitali, aliona ukuta wa waya uliofunikwa kabisa na bogenvilia, lile ua la karatasi, jekundu na jeupe, mpaka nyuma yake huoni hata rangi ya dirisha. Mzee mmoja alikuwa juu ya ngazi akiupunguza kwa mkasi, matawi yakianguka chini lundo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Hayo unayokata yanakwenda wapi?"

"Jalalani. Tunachoma." Alimtazama. "Unayataka? Yana miiba haya."

Mzee huyo aliitwa Fridolin. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini Odilia alipomweleza kuwa anataka uzio na hana cha kununulia, alishuka kwenye ngazi, akachagua mwenyewe. Aliacha vilivyo laini, akachukua vilivyokomaa, unene wa kidole, akavikata urefu wa shibiri, chini ya kifundo, kwa mshazari, ili asisahau upande upi ni wa chini.

"Pukutisha majani. Udongo uwe na mchanga. Kivulini. Maji kidogo kidogo, usivizamishe, vitaoza."

"Vitachukua muda gani?"

"Vinavyotaka vyenyewe. Kingine kitakaa hivyohivyo utasema kimekufa, kumbe kiko chini kinajitafutia. Usikichimbue kuangalia."

Akamfungia mzigo kwa kamba ya mkonge. Odilia aliubeba kichwani, miiba ikimchoma kupitia kata, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuwa na kitu cha kuwahi nyumbani.

Alivipanda moja kwa moja mpakani, mstari mmoja kutoka kona ya choo hadi barabarani. Kupata pasheni, mmea wa kutambaa, alikwenda kwa mama Adolf, muuza juisi karibu na stendi, akaomba kipande cha shina lililokuwa limepanda juu ya paa lake. Alipomaliza alinawa mikono, akasimama akitazama vijiti vyake. Havikuzuia hata kuku. Ila alimwambia mama yake, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, "Mwakani hapa hatuonekani."

"Mwakani," aliitikia Bibi Brigitha, kwa Kiswahili.

Asubuhi iliyofuata Odilia alitoka nje akakuta mama yake ameinama mpakani. Alikuwa amevaa, hilo lilimfurahisha kwanza. Kisha akaona. Bibi Brigitha alikuwa amelima mpunga tangu usichana, kwanza kwao milimani, kisha huku bondeni, shamba lao likiwa upande wa Mofu. Alichokiona mbele yake ni mstari wenye magugu. Alikuwa anapalilia. Alikuwa amefika mwisho wa mstari. Kila kijiti kiling'olewa, kikapigwapigwa udongo, kikawekwa lundo mizizi juu, ijapokuwa mizizi haikuwapo bado, ili jua likiue.

Odilia hakufikiri. Alimshika mkono akamvuta, akampiga kofi juu ya mkono ule, kofi la kweli, la sauti.

"Umefanya nini! Umefanya nini, mama!"

Bibi Brigitha aliutazama mkono wake. Midomo ikamcheza. "Nimekosea nini, Eveline?" alisema. Akaanza kulia, kilio cha mtoto, kisichojificha.

Odilia alipoinua macho, alimwona jirani. Upande ule mwingine, ambako nako uzio ulikuwa umeondoka na maji, alisimama Milembe na ndoo mkononi. Milembe na mume wake walikuwa Wasukuma, waliohamia miaka ya karibuni kutoka kanda ya Ziwa. Mume alikuwa na ng'ombe nje ya mji pamoja na ndugu zake, na Milembe akiuza maziwa mtindi nyumbani. Odilia alikuwa akisalimiana naye tu, tena kwa mbali. Msimu mmoja ng'ombe walikuwa wameingia kwenye shamba lao la Mofu wakala mpunga wote. Hawakuwa ng'ombe wa watu hawa, lakini ukishaliwa mpunga, ng'ombe wote wana sura moja.

Milembe alikuwa ameona. Aligeuza uso taratibu, kama anavyofanya mtu aliyemkuta mwenzake akioga, akaingia ndani.

Odilia alikaa chini pale pale kwenye udongo. Alikuwa ametafuta uzio ili watu wasimwone mama yake. Sasa alijua kuwa yeye mwenyewe ana la kufichwa, na aibu hii ilikuwa nzito kuliko ile ya kwanza, maana ile ya kwanza haikuwa na mwenye kosa. Alimvuta mama yake, akamkumbatia, akaupuliza ule mkono. Bibi Brigitha alikuwa ameshasahau. Alianza kumpapasa Odilia mgongoni na kumuuliza nani amemliza.

Safari ya pili alikwenda kwa akili. Mzee Fridolin alimpa mzigo mwingine bila kuuliza wa kwanza ulikwenda wapi. Vijiti hivi Odilia hakuvipanda chini. Aliokota makopo ya rangi na chupa za maji, akazikata, akazitoboa kitako, akazipanga juu ya paa la bafu ambako mama yake hafiki, chini ya kipande cha gunia la kivuli. Na kwa ajili ya mama yake akatenga shamba. Kona ya nyuma, karibu na mti wa mstafeli, aliacha majani yaote yanavyotaka, hata akayamwagilia. Kila asubuhi alimpeleka pale. Bibi Brigitha alipalilia kwa bidii, akirudi jasho linamtoka, ameridhika, na siku hizo mara nyingi alisahau kuvua nguo.

Asubuhi moja Odilia alikuta ndoo ya samadi mpakani, imekauka vizuri, imepondwa. Haikuwa na mtu. Aliitambua ndoo. Alichanganya ile samadi na mchanga, akaiosha ndoo, akaiweka pale ilipokuwa.

Nguzo alizipata kwa msimamizi wa shamba la mitiki lililokuwa likipunguzwa. Zile fito nyembamba walizitupa. Waya hakuwa nao. Akakumbuka nyavu. Alimwomba mwanamke wa mtaani amtazamie mama yake, akapanda baiskeli hadi Kivukoni, pale chini ya daraja ambapo wavuvi bado wanatengeneza mitumbwi. Aliwaomba nyavu mbovu, zilizochanika zisizofaa kuvulia.

"Unataka kuvua nini na hizi, mama?" aliuliza mvuvi mmoja.

"Sivui. Nafunika nyumba."

Walicheka, lakini vizuri, wakamjazia gunia. Alizifunga nyavu zile kwenye fito kuzunguka ua pande tatu, upande wa Milembe nao ukiwamo. Harufu ya samaki ilikaa siku nyingi na paka wa mtaa mzima wakaja kufanya mkutano. Bibi Brigitha aliwafurahia paka.

Chini ya nyavu, Odilia alipanda kwanza nderema, mboga ya kutambaa, kwa kuwa haina makuu. Unakata ncha kwa mtu, unachomeka ardhini, na wiki haijaisha imeshashika. Ilipanda mbio, majani mazito ya kung'aa, nao wakawa wanaila na ugali. Pasheni, aliyoiomba tena kwa mama Adolf, ikaifuata, vikono vyake vikijinyonganyonga kwenye matundu ya wavu kama vinashona. Bogenvilia ilichelewa. Makopo mengine yalikaa na kijiti kikavu mpaka Odilia akamwona Mzee Fridolin kuwa mwongo. Kiangazi chote alimwagilia kwa kikombe, asubuhi na jioni. Vingi vilikufa. Vilivyobaki vilitoa jicho dogo jekundu pembeni, halafu jingine, na mawingu ya kwanza yalipokusanyika juu ya milima ya Udzungwa alivihamishia chini, kila kimoja na samadi yake. Safari hii alivizungushia miiba ya matawi yaliyokatwa ili mkono wa mpaliliaji usifike.

Mvua ziliponyesha, hapakuwa na kazi tena isipokuwa kutazama. Kila asubuhi kipande kingine cha barabara kilikuwa kimepotea. Kwanza magurudumu ya pikipiki, kisha miguu ya watu, kisha viuno, kisha vichwa. Ilipofika Krismasi, barabara ilikuwa sauti tupu. Upande wa pili Milembe naye alikuwa amebaki sauti. Kufagia, kuita watoto, maziwa kumiminwa kwenye chupa.

Kuna siku moja Odilia hakuja kuisahau. Mvua kubwa ilishuka mchana, yenye joto, isiyo na upepo. Bibi Brigitha alivua, akakunja nguo, akaziweka pale kizingitini zisilowe, akatoka uani. Odilia alinyanyuka kumfuata na khanga kama ilivyo desturi. Akasimama. Akatazama pande zote. Majani, majani, majani. Hapakuwa na hata tundu la jicho.

Akaiacha khanga.

Mama yake alisimama katikati ya ua, uso juu, maji yakimtiririka kwenye ngozi iliyokunjamana, kwenye matiti yaliyonyonyesha watoto sita na kuzika wanne. Alikuwa akicheka. Odilia alichukua sabuni na dodoki, akatoka na gauni lake hivyohivyo, akamwogesha pale pale mvuani, mgongo, mabega, nyuma ya masikio. Hakuharakisha. Hakutazama nyuma. Bibi Brigitha aliimba wimbo wa Kipogoro ambao Odilia aliujua nusu, na ile nusu waliiimba pamoja.

Lakini uzio haukuchagua cha kuzuia. Odilia alianza kuligundua hilo taratibu. Zamani, hata na aibu yote, walikuwako waliopita na kusema, "Shikamoo, bibi," na Bibi Brigitha aliitikia marahaba kwa sauti ya mtu mwenye heshima zake. Alikuwako mtoto wa shule aliyempungia mkono. Muuza samaki alikuwa akisimamisha baiskeli akiwaona, akiulizia kama wanataka kitoga. Sasa hapana. Muuza samaki alipita akipiga kengele kwa nyumba nyingine. Ilipita wiki nzima Odilia asiseme neno na mtu isipokuwa mama yake, na mama yake alikuwa anasema na Eveline. Akiwa amekaa na sahani yake jioni alikuwa anasikia watu wakipita wanasimuliana mambo, akasubiri wamalizie, nao wakishapita kona hakujua tena habari ile iliishaje.

Bibi Brigitha alifariki wakati wa Kwaresima. Kifua kilimbana, akapelekwa hospitali, akarudishwa nyumbani na dawa, na asubuhi ya pili akiwa amelala ubavu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Odilia, pumzi ilitoka na haikurudi. Kabla ya hapo hakusema neno la kuaga. Odilia alikaa naye mpaka chai ya majirani ilipoanza kunukia, ndipo akatoka kumwambia mtu. Ilibidi azunguke hadi barabarani ili apate mtu wa kumwambia.

Kilio kikajaa. Valentino alifika na basi la mchana, akamkumbatia dada yake mlangoni akalia kwa sauti. Wanajumuiya walikuja na viti, na wanawake wa mashine ya mpunga wakaja na sufuria. Turubai likaletwa, lakini ua ulikuwa mdogo na mlango wa uzio ulipitisha mtu mmoja mmoja.

"Jeneza halipiti hapa, dada," alisema Valentino. Aliutazama ukuta ule wa kijani, maua mekundu yameanza juu kabisa. "Nani alikupandia?"

"Nilipanda mwenyewe."

Alipima mlango kwa mikono. "Itabidi tukate."

Vijana wa kijiwe walikuwa wameshasimama na mapanga, ndio wanaochimba kaburi na kubeba jeneza katika mtaa ule. Mmoja alikuwa ameshika helmeti nyekundu kwapani. Alipoona Odilia anamtazama, aliinamisha kichwa.

"Pole, mama."

"Tumeshapoa," alisema Odilia. Hakumuuliza habari ya picha. Kama ilikuwako, ilikuwa ya mtu ambaye haipo tena namna ya kumwaibisha.

Panga akalichukua yeye. Alikata mwenyewe, kuanzia mlangoni hadi nguzo ya tatu, nderema na pasheni na bogenvilia pamoja, miiba ikimchana mikono, wanawake wakimwambia aache, wapo watu. Hakuacha. Nyavu zilipoanguka, barabara ikaingia ndani ya ua na watu wote waliosimama nje wakaingia nayo. Bibi Brigitha akatoka kwa mapana, amevaa gauni lake la Pasaka, akiwa juu ya mabega ya vijana.

Matanga yakaisha. Valentino alikaa siku kadhaa, akataka dada yake aende naye Morogoro.

"Nikafanye nini?"

"Ukae na watu."

"Watu wako au watu wangu?"

Valentino alibeba mfuko wake, maana basi haliwasubiri wanaofikiri. Wanawake wa mashine nao walisema, "Karibu kazini, Odilia," naye alisema atakuja. Hakuwa amekwenda bado. Asubuhi aliamka mapema kupeleka mtu kwenye kupalilia, akafika katikati ya ua ndipo akakumbuka. Majani ya kona ya mstafeli yaliendelea kuota, yakawa marefu, na hakuwa na moyo wa kuyagusa.

Mvua zilikuwa bado zinaendelea. Lile pengo alilokata likaanza kujaa. Kutoka kwenye visiki vilivyobaki, vichipukizi vilitoka kwa hasira, mara mbili ya vile vilivyokatwa, vikatafuta wavu, na vilipoukosa vikashikana vyenyewe kwa vyenyewe. Odilia alivitazama kila siku. Angeweza kuvikata. Angeweza kuviwekea wavu mpya. Siku zikapita na hakufanya moja wala lingine, akafagia tu pale chini, akanywa chai yake, akaosha kikombe kimoja.

Jumamosi moja alikuwa anafua pembeni mwa bomba. Dishi lilikuwa limejaa povu, na mdomo wake, kwa mazoea ya miaka, ukawa unaongea. "Usikae hapo, utalowa. Sogea huku. Haya, ngoja nimalize hii moja, nikupe uji. Umesikia?"

"Unasema na mimi, dada?"

Sauti ilitoka ndani ya majani, upande wa pili, karibu sana. Kule nako kulikuwa na mtu amechutama. Odilia alisikia maji ya nguo yakikamuliwa.

Aliona aibu, akataka kusema hapana, kisha akaona kuwa akisema hapana itabidi aseme alikuwa anasema na nani.

"Nilikuwa nasema na mama," alisema.

Kamua, kamua. Maji yakamwagika.

"Mimi wa kwangu alifia Magu," alisema Milembe. "Nilikuwa huku. Nilipata habari wameshazika. Mpaka leo nikipika ugali mwingi namwambia, haya, utakula wewe."

Odilia alifuta povu mikononi. Alitaka kusema pole, lakini neno lililokuja ni jingine, lililokuwa limekaa kifuani tangu siku ya samadi.

"Siku ile uliniona nampiga."

"Nilikuona," alisema Milembe. Akakamua nguo nyingine. "Na siku ya mvua nilikusikieni mnaimba."

Mtoto alimwita kutoka ndani, naye akaitika kwa Kisukuma bila kunyanyuka. Odilia alivuta dishi lake. Alilisogeza, likakwaruza chini, mpaka likagusa majani, akakaa upande wake wa uzio, akaendelea kufua.

"Hii mvua," alisema baadaye kidogo, "nguo zitakauka lini?"

"Leo hazikauki," alijibu Milembe. "Labda kesho."